Mwongozo kamili wa kupiga kambi kwa tela la kulala kandokando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma

Anayetaka kuvuta tela la kulala hadi Kigoma aelewe kwanza kwamba hifadhi mbili za taifa zilizo kando ya ziwa, Gombe na Milima ya Mahale, hazifikiki kwa barabara. Gombe, ambayo ni ndogo sana na ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1968, imebanwa kati ya maji na miinuko mikali kaskazini ya mji. Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, iko mbali kusini, na wageni wake humalizia safari kwa boti. Kwa hiyo tela lako litaweka makao katika kambi au uwanja wa kando ya ziwa karibu na mji wa Kigoma, kwa mfano upande wa Bangwe na Katonga ambako kuna fukwe za mchanga zilizokingwa na vilima, nawe utakwenda hifadhini kwa maji na kurudi kulala kwenye kitanda chako.

Watu wengi wanaopanga safari ya namna hii hufikiria kwanza mandhari: mlango ufunguliwe ziwa lionekane. Naelewa hamu hiyo, kwa kuwa jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo hakuna anayetaka kuwa amegeukia upande mwingine. Hata hivyo, kambi ya tela hufaulu au huharibika kwa sababu ya ardhi iliyo chini ya magurudumu, na ndiyo maana katika mwongozo huu uchaguzi wa uwanja umepewa nafasi kubwa kuliko mambo mengine.

Majira ya kuja

Mvua za Kigoma huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kuendelea hadi Aprili au mwanzoni mwa Mei. Katika kipindi hicho barabara za udongo zinazoteremka ziwani huwa na utelezi, na tela lenye uzito wa tani moja kwenye mteremko wenye utelezi linaweza kulisukuma gari badala ya kuvutwa nalo. Miezi inayofaa ni Juni hadi Septemba, ingawa ujue kwamba ndiyo miezi ya upepo wa kusini-mashariki unaopiga ziwani kwa nguvu na kuinua mawimbi. Oktoba ina joto zaidi, lakini bado inafaa.

Mgeni anayetoka Dar es Salaam azingatie pia saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, hivyo jua huchomoza na kuzama takribani dakika 40 baada ya Dar es Salaam, yaani karibu na saa moja asubuhi na saa moja jioni. Una mwanga zaidi wa jioni wa kufanyia kazi ya kuegesha, lakini ukiondoka alfajiri ya saa kumi na moja utaendesha gizani kwa muda mrefu kuliko ulivyozoea.

Kama unatamani samaki wabichi, tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe. Wavuvi wa dagaa hutumia taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawavutwi na taa, kwa hiyo mialo, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki, hupoa kwa siku kadhaa. Ulizia pia kama uvuvi umefunguliwa, kwa sababu mwaka 2024 shughuli za uvuvi ziwani zilisimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na kipindi hicho kiliangukia katikati ya miezi mizuri ya kambi.

Kulitayarisha tela kabla halijatoka nyumbani

Anza na uzito. Jumlisha uzito wa tela tupu na kila utakachokipakia, ukikumbuka kwamba lita moja ya maji ni kilo moja: tenki la lita 100 likijazwa Dodoma ni sawa na kulisafirisha jiwe la kilo 100 hadi Kigoma bila sababu. Safiri na maji ya kutosha kwa safari tu, kisha ujaze ukifika. Linganisha jumla hiyo na kiwango ambacho mtengenezaji wa gari lako ameruhusu livute, na usiridhike na hoja kwamba injini ina nguvu; kinachokwamisha magari mengi ni breki na giaboksi, hasa kwenye miteremko.

Mpangilio wa mizigo una uzito uleule wa hoja. Vitu vizito, kama betri, mitungi ya gesi, magunia ya unga na kreti za soda, vikae chini na karibu na ekseli, vikielemea mbele kidogo, ili takribani sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela iangukie kwenye kiunganishi cha gari. Tela la kilo 1,000 liwe na karibu kilo 100 mbele. Mizigo ikizidi nyuma, tela huanza kuyumba kama mkia, na kuyumba huko huongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka.

Baada ya hapo peleka tela kwa fundi afungue vitovu vya magurudumu, asafishe beringi na kuzipaka grisi mpya. Matela mengi hukaa miezi bila kutembea, na beringi iliyokaa muda mrefu huanza kutu kimyakimya na kukwama njiani, mara nyingi mahali ambapo hakuna duka la vipuri. Angalia umri wa matairi, si kashata zake pekee, kwa sababu tairi la tela huzeeka kwa jua kabla ya kuisha kwa kutembea; mipasuko midogo ubavuni ni dalili ya kutosha ya kulibadilisha. Chukua tairi la akiba la tela lenyewe, na hakikisha jeki yako inafika chini ya ekseli yake na spana yako inaingia kwenye nati zake.

Taa za breki, indiketa na taa za nyuma zijaribiwe mtu akiwa amesimama nyuma. Minyororo miwili ya usalama ipite kwa kupishana chini ya mkono wa tela, ili mkono ukichomoka udakwe kabla haujagonga lami. Kama tela lina breki za umeme na waya mwembamba wa kuzivuta linapokatika, waya huo ufungwe kwenye gari lenyewe, wala si kwenye kiunganishi ambacho huenda ndicho kikakatika. Beba hati za usajili na bima za gari na za tela, vibao vya pembetatu vya kuakisi mwanga na mtungi wa kuzimia moto. Gari na tela vikiwa pamoja na uzito wa kilo 3,500 au zaidi, jiandae kupita kwenye mizani.

Njia na mwendo

Kutoka upande wa Dodoma, njia hupita Manyoni, Itigi, Tabora, Urambo, Kaliua na Uvinza, ikivuka mto Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete. Kutoka upande wa Mwanza na Geita, wengi hushuka kupitia Nyakanazi, Kakonko, Kibondo na Kasulu, na njia hizi mbili hukutana Kidahwe kabla ya kuingia mjini. Binafsi naipendelea ya Tabora kwa mwenye tela, kwa kuwa ardhi yake ni tambarare zaidi na Tabora yenyewe ni mahali pazuri pa kulala usiku mmoja, kufanyiwa ukaguzi na fundi na kununua asali. Njia ya Kasulu ina milima. Anayeipita ateremke kwa gia ndogo na aguse breki kwa vipindi vifupi, kwa sababu breki zinazobanwa mfululizo hupata moto na kukosa nguvu.

Kwenye vijiji mwendo wa mwisho ni kilometa 50 kwa saa, lakini mwenye tela apange kupita polepole zaidi kwa ajili ya matuta. Tuta unalolivuka bila shida ukiwa na gari tupu hulirusha tela juu, nalo likirudi chini huponda kiunganishi na kumwaga vyombo vyote vya kabatini. Vuka tuta kwa mwendo wa mtu anayetembea hadi magurudumu ya tela nayo yavuke, ndipo uongeze mwendo. Kwenye barabara kuu, kilometa 80 kwa saa inatosha. Usisafiri usiku, kwa sababu ya baiskeli za mkaa zisizo na taa, ng'ombe, na malori yaliyoharibika katikati ya njia.

Tela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka na uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa ghafla na usijaribu kufuata kuyumba kwa usukani. Mambo hayo mawili ndiyo yanayolipindua. Likitulia, simama mahali salama upange mizigo upya, maana kuyumba kuna sababu, na sababu hiyo haitajiondoa yenyewe.

Katika misitu ya miombo kati ya Kaliua na Uvinza, na karibu na eneo oevu la Malagarasi, kuna mbung'o. Wadudu hawa hukimbilia vyombo vinavyotembea, na huvutwa zaidi na rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi, kwa hiyo funga madirisha ya gari na ya tela, na ukilazimika kusimama kukagua magurudumu, vaa nguo za rangi ya kaki au kijivu. Kila unaposimama, weka kiganja karibu na kitovu cha kila gurudumu la tela. Vyote vikiwa na uvuguvugu unaolingana, endelea. Kimoja kikiwa cha moto kuliko wenzake, beringi au breki yake ina tatizo, na hapo ndipo pa kulishughulikia.

Kuuchagua uwanja

Fika kambini kabla ya saa kumi jioni. Acha gari na tela juu, mahali ambapo unaweza kugeuza, kisha ushuke kwa miguu hadi ufukweni. Usiingize tela katika njia usiyoitembea, kwa sababu njia nyingi za kuteremkia ziwani kwenye vilima vya Kigoma ni nyembamba, zina makorongo yaliyochimbwa na mvua na kona ambazo gari huzipita lakini tela hukata na kugonga ukingo. Jiulize swali moja kwanza: nikishuka hapa, nitapandaje siku ya kuondoka, na mvua ikinyesha usiku je?

Kisha tafuta mstari wa maji, na usiutafute mahali maji yalipo leo. Katika miaka ya kuanzia 2020 Ziwa Tanganyika lilipanda kiasi cha kufunika fukwe na majengo ya kandokando, na alama zake zinaonekana: miti iliyokauka ikiwa imesimama majini, kuta zilizoliwa na mawimbi, njia zinazoishia ziwani. Juu ya hayo, upepo wa mchana husukuma mawimbi mbali zaidi kuliko yalivyo asubuhi. Mahali penye mstari wa mabua, maganda na takataka nyepesi ndipo mawimbi yalipofika karibuni, na tela linatakiwa kuwa juu sana ya mstari huo.

Sheria nayo inakupa kipimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira. Kambi ya siku chache si jengo, lakini nakusihi uuchukue umbali huo kama kipimo chako cha kuegesha, cha kumwaga maji machafu na cha kuosha vyombo, hata pale mwenye uwanja anapokuruhusu kusogea. Maji hayo wanayanywa watu wa vijiji vya mwambao, na ndimo wanamozaliana migebuka na kuhe wanaolisha mkoa mzima. Mita 60 ni hatua kama 80 za mtu mzima, na ziwa linaonekana vizuri kabisa ukiwa hapo.

Ardhi yenyewe ipime kwa kisigino. Kisigino kikizama kirahisi, gurudumu la tela litazama pia, kwa sababu tela husimama siku nyingi mahali pamoja na kila mtikisiko wa ndani huzidi kulishindilia. Changarawe au udongo uliofunikwa na nyasi fupi ni bora kuliko mchanga. Epuka mkondo mkavu, hata ukiwa tambarare na wenye kivuli cha kuvutia; mvua moja ya vilimani hushusha maji na mawe kupitia hapo kwa dakika chache.

Tazama na juu. Kivuli ni neema, lakini si kila mti unafaa: mwembe wenye matunda hupasua dirisha la paa, mchikichi hudondosha makuti mazito na mikungu, na mti wowote wenye tawi kavu haufai kulaliwa chini yake katika miezi ya upepo. Kagua pia njia za siafu ardhini na mizinga ya nyuki kwenye matawi.

Hatimaye amua tela litazame wapi. Ziwa liko magharibi, kwa hiyo upande wa tela unaoelekea majini ndio utakaopigwa na jua kuanzia saa tisa alasiri hadi machweo. Ukifungua turubai la kivuli upande huo bila kitambaa cha kushuka mbele, utakuwa na kivuli asubuhi usipokihitaji na utaunguzwa jioni unapotaka kukaa nje. Katika miezi ya Juni hadi Agosti jua la mchana hupita kaskazini, hivyo ubavu wa kusini ndio wenye kivuli. Mimi huona inafaa kuelekeza pua ya tela kusini-mashariki unakotoka upepo mkubwa, mlango ukiwa upande uliokingwa, na kuridhika kuliona ziwa kutoka kwenye kiti cha nje badala ya kitandani. Waulize pia wavuvi wa mahali hapo upepo wa usiku hutokea wapi. Kila ghuba ina tabia yake kwa sababu ya vilima.

Kuegesha na kulisawazisha

Kurudisha tela nyuma huwatesa wengi, lakini kuna njia nyepesi: shika usukani kwa mkono mmoja chini kabisa, mahali penye namba 6 kwenye uso wa saa ya ukutani, kisha usogeze mkono huo upande unaotaka mkia wa tela uende. Mkono ukienda kushoto, tela linakwenda kushoto. Rudi polepole, sahihisha kidogo kidogo, na tela likipinda kupita kiasi songa mbele unyooshe badala ya kulazimisha. Awepo mtu mmoja tu wa kukuelekeza, asimame mahali unapomwona kwenye kioo, na asipoonekana usimame.

Likishafika, fuata mpangilio huu bila kuruka hatua:

1. Weka pima maji sakafuni kwa upana wa tela. Upande ulio chini, weka ubao mbele ya gurudumu na ulipandishe juu yake hadi tela lisawazike kushoto na kulia.
2. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya pande zote mbili, kisha uvute hendibreki ya tela.
3. Sasa, na si kabla, lifungue kutoka kwenye gari: waya wa taa, minyororo, halafu kiunganishi.
4. Tumia gurudumu dogo la mbele kuinua au kushusha pua hadi pima maji ioneshe usawa wa mbele na nyuma.
5. Teremsha miguu ya kona juu ya vipande vya mbao, kwa kukaza kidogo tu.

Miguu ya kona imewekwa kuzuia mtikisiko, haina uwezo wa kubeba tela. Anayeinulia tela kwa miguu hiyo huipinda fremu. Usawa nao una sababu zaidi ya usingizi mzuri: majokofu ya gesi hayafanyi kazi ipasavyo yakiinama na yanaweza kuharibika.

Kama huna budi kupita kwenye mchanga, punguza upepo wa matairi ya gari na ya tela hadi takribani PSI 20 hadi 24, nenda kwa mwendo usiokatika, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami.

Maji, choo na taka

Mtu mmoja anayejibana anaweza kuishi na lita 10 hadi 15 kwa siku kwa kunywa, kupika na kujisafisha. Maji ya Tanganyika huonekana maangavu, lakini uangavu si usafi. Ya kunywa yachemshwe hadi yatokote sawasawa kwa dakika nzima, au yatiwe vidonge vya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye paketi. Usichanganye ndoo ya kuchotea ziwani na ndoo ya maji safi.

Maji ya kuoshea vyombo yakusanywe kwenye ndoo chini ya bomba la kutolea, yachujwe mabaki, kisha yamwagwe kwenye shimo lililo mbali na ziwa. Choo cha tela chenye kasha la kuchomoa kimwagwe kwenye choo cha kambi pekee, tena baada ya kumwomba mwenye kambi ruhusa, kwa sababu dawa nyingine za vyoo hivi huua bakteria wanaoozesha kinyesi shimoni. Kumwaga kasha hilo ziwani au porini ni kuwaletea wenyeji kipindupindu, na hakuna dharura inayolihalalisha. Taka ngumu ziwekwe kwenye gunia na kurudishwa mjini. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini kuanzia tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo njoo na vikapu.

Umeme

Tela lililoletwa kutoka Uingereza au Afrika Kusini hutumia volti 230 kama umeme wa kwetu. Lililotoka Marekani hutumia volti 120, na likichomekwa moja kwa moja vifaa vyake vitaungua. Linahitaji transfoma inayolingana na mzigo wake. Kabla ya kuchomeka kambini, mwombe fundi umeme apime kama soketi ina waya wa ardhi unaofanya kazi, kwa kuwa bodi ya tela ni ya chuma na watu huishika wakiwa peku kwenye nyasi zenye umande. Waya mrefu ukunjuliwe wote kutoka kwenye kigurudumu unakozungushiwa, vinginevyo hupata joto na kuyeyuka.

Kwa anayetegemea sola, hesabu ni hii. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah (ampea-saa) 100 ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu tumia nusu tu, yaani 600. Jokofu dogo la kompresa hula takribani wati-saa 400 hadi 600 kwa siku, kutegemea joto na idadi ya mara linavyofunguliwa. Paneli ya wati 100 kwa siku ya jua kali itakupa karibu wati-saa 400. Maana yake, jokofu peke yake linataka paneli ya wati 200 ili kubaki na akiba ya taa na simu. Katika miezi ya kiangazi iinamishe paneli kuelekea kaskazini, na uiweke mbali na kivuli cha mti hata kama ni cha tawi moja.

Jiko, gesi na mkaa

Hapa naomba nisomwe kwa makini kuliko mahali pengine. Usiku wa Julai ziwani huwa na ubaridi, na jiko la mkaa lililopikia ugali wa muhogo bado lina makaa. Mtu huliingiza ndani ya tela ili watoto wapate joto. Makaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala moshi, na katika chumba kidogo kilichofungwa inaweza kuua familia nzima usingizini. Jiko la mkaa lisivuke mlango wa tela, likiwa linawaka au likionekana limezimika. Joto litafutwe kwa mablanketi.

Gesi ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Ndiyo sababu tela lina matundu ya hewa chini, na anayeyaziba kuzuia mbu anajiwekea hatari. Yafunike kwa wavu mwembamba tu. Mtungi ukae kwenye boksi lake la nje, mpira wake ukaguliwe kwa povu la sabuni kila unapofungwa upya, na valvu ifungwe usiku na safarini. Kuni zinunuliwe kwa wauzaji, zisikatwe kambini. Ndani ya hifadhi za taifa kuokota kuni hakuruhusiwi kabisa.

Kwa chakula, soko la Kigoma litakutosheleza: dagaa, migebuka ya kukaanga, mawese, ndizi na unga wa muhogo. Samaki usiwahifadhi ndani ya tela usiku bila chombo cha kufunga vizuri. Harufu yake huita nyani na mbwa.

Kuingia majini

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 mahali pake pa chini kabisa, na kingo zake nyingi hushuka ghafla. Mtoto anayetembea maji yakiwa kiunoni anaweza kukosa ardhi kwa hatua mbili. Mtu mzima anayejua kuogelea awe majini pamoja na watoto, akiwa upande wa kina, asibaki kivulini akitazama.

Kichocho kipo, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na karibu na makazi ya watu, ambako konokono wake huishi. Ufukwe wa mawe na mchanga unaopigwa na mawimbi una hatari ndogo zaidi. Ukitoka majini jikaushe kwa taulo mara moja, na wiki kadhaa baada ya safari pima hospitalini. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana. Midomo ya mito, kama ule wa Luiche karibu na Ujiji, iachwe kabisa kwa sababu ya mamba na viboko. Waulize wavuvi wa mwalo ulio jirani kabla ya mtu yeyote kutia mguu majini, nao watakuambia ukweli. Usiku lalia chandarua chenye dawa hata kama madirisha ya tela yana nyavu, kwani malaria ya Kigoma ni kali.

Siku ya kwenda Gombe

Boti huondokea kaskazini ya mji, eneo la Kibirizi. Ondoka asubuhi, kabla upepo haujainuka, na kila abiria avae jaketi la kuokolea maisha. Mpango wa safari ufanywe kupitia ofisi za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, au wakala anayetambuliwa. Mwenye mafua abaki kambini: sokwe huambukizwa magonjwa yetu, na kundi hili limefuatiliwa na watafiti tangu Jane Goodall alipofika mwaka 1960.

Tela libaki limefungwa kufuli la kiunganishi na la gurudumu, gesi imefungwa, turubai limekunjwa, na mlinzi wa kambi akijua saa unayotarajia kurudi.

Kuondoka

Kunja turubai likiwa kavu, mwaga maji yote ya tenki, funga gesi, funga matundu ya paa na kabati zote. Unganisha gari kwanza, kisha inua miguu ya kona, kunja gurudumu dogo, jaribu taa, na mwisho kabisa ondoa kabari. Zunguka tela lote kwa miguu, halafu mwombe mwenzako alizunguke pia, kwa kuwa macho ya aliyefunga huona alichokusudia kufunga. Kama gurudumu lolote lilifunguliwa wakati wa kambi, simama Kidahwe kabla ya kuchagua njia ya Kasulu au ya Uvinza, ukaze nati zake zote kwa mpangilio wa kuvukana, na ushike vitovu kuangalia joto.